Dirisha la Kumi

Mselemu alikuwa ametoka kununua mafuta ya taa tu, hakwenda kutafuta makubwa. Jua lilikuwa linazama upande wa Ziwa Singidani, na upepo wa Singida, ule usio na adabu, ulikuwa unamtia mchanga machoni. Chupa ya mafuta aliishika shingoni kama mtu aliyebeba kuku. Aliporudi studio alikuta mzee mmoja ameuegemea mlango wake, utadhani ndiye mwenye nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepanga nyuso?"

"Mimi ndiye ninayepiga picha. Sema shida yako, giza linaingia."

Mzee alisema anaitwa Simeoni, balozi wa nyumba kumi katika kijiji kipya, kupita Mungaa. Hapo Mselemu akamtazama vizuri. Mwaka ule watu walikuwa wamehamishwa kutoka maskani yao ya zamani na kujengewa vijijini, na habari za shamba la nyumba kumi za Simeoni zilikuwa zimefika hadi sokoni mjini. Lilikuwa limevishinda vijiji vyote kwa palizi. Mtama umesimama kama askari wa gwaride, gugu hulioni hata kwa dawa. Lakini waliopita huko walikuwa wakimalizia habari hiyo kwa sauti ya chini: na mtu mwenye jembe humwoni pia.

Simeoni alitoa bahasha ya kaki ndani ya koti. Humo mlikuwa na negativu tisa, zile filamu ambazo mweusi huonekana mweupe na mweupe mweusi. Kila moja ilikuwa na uso wa mtu mmoja.

"Nataka zikae zote kwenye karatasi moja, tuitundike ofisini," alisema. Alikuwa akinong'ona, ingawa barabara nzima haikuwa na mtu. "Tano juu, tano chini. Zilingane. Asiwepo aliyemsogelea mwenzake."

"Tano na tano ni kumi, mzee. Hapa ziko tisa."

"Dirisha la kumi liache wazi."

"Litatoka jeusi tii, kama kaniki. Mimi kazi ya mapengo sifanyi. Niambie huyo wa kumi ni nani, nimfuate nimpige picha."

"Hajaletwa."

"Analetwa na nani?"

"Na wa kwake."

Mselemu alitaka kumjibu maneno makali, maana alikuwa mwepesi wa hasira na mafumbo hakuyapenda. Lakini hapo hapo Mosi, binti yake wa pekee, akatokea kona na bakuli la ugali kichwani.

"Shikamoo, babu. Baba, kula kabla hujazishika dawa zako za picha. Juzi umekula na mikono ile ile, nikasema kesho tunamzika mtu kwa tamaa ya mlenda."

"Weka hapo uende. Mdomo kama redio."

"Redio ina kifungo cha kuzimia, mimi nimekosa."

Simeoni hakucheka. Alimtazama Mosi, lakini si usoni. Alimtazama bega hadi bega, halafu kichwa hadi kidevu, kama fundi cherehani anayepima bila kamba. Kisha akasema atarudi asubuhi, akaondoka. Alipokuwa amesimama palibaki harufu ya udongo mbichi, udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Na mvua ilikuwa na miezi minne haijanyesha.

"Baba," Mosi alisema, "yule mzee hapepesi macho. Mrudishie kazi yake."

"Unanifundisha kazi?"

"Kazi unaijua. Nakufundisha watu."

Akaenda zake nyumbani huku anacheka. Laiti Mselemu angemsikiliza. Lakini picha alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu makaratasi na kuanza upya, na mtu wa namna hiyo ukimwambia aiache kazi, ndiyo kwanza umemfungia ndani nayo.

Aliingia chumba cha giza. Aliwasha kandili aliyoizungushia kitambaa chekundu. Alichukua karatasi nyeusi akaikata madirisha kumi, matano juu, matano chini, akipima kwa rula kila pengo. Juu ya karatasi ya picha aliilaza ile nyeusi, kila dirisha akalitia negativu yake, halafu akafunika kwa kioo.

Kioo kikayumba.

Upande wa kulia, chini, dirisha la kumi lilikuwa tupu. Kioo kilipoinamia huko, zile tisa ziliteleza kidogo. Akazipanga tena. Zikateleza tena... zote kuelekea pembe ile ile.

"Mnanichezea," akasema kwa sauti.

Kioo kilihitaji kitu cha kukishikilia sawa, na kitu hicho sharti kiwe filamu ya unene ule ule na ukubwa ule ule. Kwenye droo palikuwa na moja tu. Ilikuwa negativu ya Mosi, aliyompiga wiki ile kwa ajili ya kitambulisho chake cha mwalimu wa kisomo cha watu wazima.

Ya kupimia tu, alijiambia. Nitoe karatasi moja ya majaribio, halafu nitaiondoa.

Akaiweka kwa mkono wake.

Kioo kikalala. Hakuna kilichoteleza tena. Madirisha kumi yalikuwa yamelingana kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya maishani, akajikuta anatabasamu peke yake. Akamulika tochi, akahesabu hadi sita, akazima. Karatasi akaizamisha kwenye beseni la dawa.

Nyuso zilianza kuja polepole, kama watu wanaotoka kwenye ukungu. Mwanamume wa kwanza. Mwanamke mwenye kilemba. Kijana mwenye kovu... Mselemu akainama. Kwenye negativu wote walikuwa wametazama mbele, hilo alikuwa na uhakika nalo, kwa kuwa alizikagua moja moja. Kwenye karatasi macho yao yalikuwa yamegeuka.

Wote tisa walikuwa wanatazama dirisha la kumi.

Na ndani ya dirisha la kumi kilitoka kiti. Kilikuwa kiti cha studio yake, na pazia lake la maua nyuma.

Mtu hakuwepo.

Akaichomoa negativu ya Mosi, akaiweka mbele ya kandili. Kiti na pazia, basi. Ndipo alipozisikia pumzi kwenye chumba kile. Hazikuwa zake, na hazikuwa za mtu mmoja.

Alitoka mbio, akaacha mlango wazi. Alifika nyumbani akihema. Mosi alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mama yake, mikono mapajani.

"Mosi! Uko salama?"

"Ndiyo, baba."

"Hujaumwa? Hujaitwa na mtu?"

"Hapana, baba."

Mselemu akashusha pumzi. Akarudi studio, akaichoma ile karatasi na bahasha ya Simeoni pamoja na negativu zake mpaka vikawa majivu. Asubuhi akakaa mlangoni akimsubiri Simeoni kwa matusi yaliyokwisha iva. Simeoni hakuja. Wala siku ya pili hakuja.

Siku ya nne Mwantum, mkewe, alimvuta nyuma ya nyumba.

"Baba Mosi, huyu mtoto nimemshukuru Mungu kwa adabu aliyoipata, lakini sasa naogopa. Hajanibishia tangu usiku ule ulipokuja unahema. Anakula nasi, anamega, anatafuna... na chakula chake hakipungui."

Mselemu aliingia ndani. Alivaa viatu, akadandia lori la kwenda Mungaa.

Alifika kwa Simeoni jua likiwa bado kali. Nyumba kumi zilikuwa zimesimama pembeni mwa kijiji, tano huku, tano kule, na nafasi kati ya nyumba na nyumba ungeipima kwa rula usipate kosa. Milango ilikuwa imefungwa. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na kuku, hapakuwa na mtoto anayelia. Nyuma ya nyumba mtama ulikuwa safi, majembe tisa yameegemezwa ukutani, udongo juu yake mbichi.

Simeoni alikuwa ameketi katikati anasuka kamba.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," alisema Mselemu. "Na usinizungushe. Mimi husema na watu uso kwa uso."

"Binti yako si yuko kwako? Umemwacha leo asubuhi."

"Mwizi wee!"

"Mimi?" Simeoni alinong'ona, akiendelea kusuka. "Sijaiba mtu tangu nizaliwe. Nilikuambia uache wazi. Nani alimweka?"

Mselemu aliinua mkono ampige. Mkono ukabaki juu, kwa kuwa nyuma ya mlango wa nyumba ya kumi mtu alikohoa.

"Baba? Mbona umechelewa hivyo? Umetambaa?"

Aliuvunja ule mlango kwa teke. Mosi alikuwa ameketi kwenye giza, viganja vimejaa malengelenge ya jembe. Alinuka dawa ya picha, ile chachu yake inayokaba koo. Mselemu alimshika mkono. Ulikuwa na joto. Alimtoa nje, akipiga kelele kwamba atakayemzuia atamjua yeye ni nani.

Hakuna aliyemzuia. Simeoni hata hakunyanyuka.

"Mchukue," alisema. "Ila wale tisa wamekwisha zoea kuwa kumi."

Walitembea hadi barabara kuu bila kupumzika. Jua lilikuwa linashuka. Mosi hakunyamaza hata kidogo. Alilalamika njaa, alilalamika miguu, alimgombeza baba yake kwa ubishi wake, na Mselemu kila aliposikia tusi alitamani alie kwa furaha. Nani basi alikuwa ameketi na Mwantum mkekani saa ile? Hilo aliliweka pembeni. Alijiambia: tufike kwanza.

Lori la magunia lilikuja kutoka upande wa Mungaa, likapunguza mwendo, likasimama. Dereva akachungulia dirishani.

"Mzee, Singida? Mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na binti yangu."

Dereva hakufungua mlango. Aliwapita kwa macho, akatazama nyuma yao, akatazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayehesabu.

"Wawili," alisema taratibu. "Na hao wengine mliofuatana nao, hawapandi?"

Mosi alinyamaza. Mselemu alihisi vidole vya binti yake vikimbana kiganjani, na hakugeuka.

"Washa gari," alimwambia dereva. "Nakuomba, ndugu yangu. Washa gari."