Kichwa Hakina Spea

"Zunguka tena."

"Nimeshazunguka."

"Umezunguka, na nusura uubusu ukuta. Zunguka tena, kaka mgeni, polepole. Na miguu ipande juu, usiiburuze kama bata."

Rasmus, kijana wa Kizungu mwenye mabega mekundu kwa jua, alivuta mafuta kwa pupa. Skuta namba saba ikaruka mbele, ikayumba, ikakivamia chungu cha maua cha watawa. Chungu kikapasuka vipande. Mpenzi wake, Signe, alifunika mdomo kwa kiganja asicheke.

Walikuwa kwenye uwanja wa hekalu, nyuma ya duka la kukodisha pikipiki la mama Buakham, Chiang Mai. Ilikuwa asubuhi ya Songkran, mwaka mpya umeingia, na mji wote ulikuwa umeshalowa. Watu walimwagiana maji kwa ndoo na makopo kuanzia mfereji wa mji wa kale hadi vichochoroni. Intha, fundi wa duka, alichukua ufunguo kutoka mkononi mwa Rasmus bila kuinua sauti.

"Leo huendeshi. Panda magari mekundu ya abiria, yatakufikisha popote."

"Maduka mengine hayaulizi kitu!"

"Ndiyo maana kila Songkran hospitali hazina vitanda. Sikiliza, rafiki. Skuta ikivunjika mimi nina spea. Taa, kioo, breki, vyote vimo kwenye boksi pale. Kichwa hakina spea."

Maneno hayo Intha aliwaambia wageni wote. Akishayasema, humfunga mgeni helmeti mwenyewe, kisha huuvuta mkanda wa kidevuni mara mbili. Wengine walicheka, wengine walimpiga picha. Lamduan, binti wa mwenye duka, alikuwa akimtazama kutoka mlangoni siku zote, na hapo mlangoni ndipo alipompendea. Mwezi uliofuata wangefunga ndoa, ingawa bado alimwita kaka, kwa heshima.

Mama Buakham alitoka na kipepeo chake.

"Intha, baba, hili ni duka au ni chuo cha udereva?"

"Ni duka, mama. Ila huyu hajui."

"Atajua akiwa njiani. Wewe ulizaliwa unajua?"

"Mimi nilijifunzia shambani kwa babu, mama. Nikianguka, naangukia mpunga."

Mama alijizuia kucheka, akashindwa, akarudi ndani akijipepea. Intha akamsogelea Lamduan.

"Naenda Lamphun kwa shangazi Jampa kuchukua lile kombe. Adhuhuri nitakuwa nimerudi."

"Kombe lenyewe ndilo lile lile?"

"Lile lile. Ndilo lililotumika kuwamwagia maji mikononi baba na mama yangu walipooana. Shangazi amelifunga kwenye kanga saba kama mtoto mchanga."

"Nenda, kaka. Usilowe sana."

"Siku ya leo? Mwambie samaki asilowe."

Akavaa helmeti yake ya bluu iliyochunika, akaondoka. Wageni wale wawili walibaki wamesimama juani, wamenuna.

"Lamduan," mama aliita kutoka ndani, kwa sauti ya upole mno. "Wageni wamesimama juani. Watatuonaje?"

Hakusema mpe ufunguo. Hakuwa na haja. Lamduan alilelewa katika nyumba ambamo mkubwa hamalizi sentensi, mdogo ndiye humalizia kwa vitendo. Na kumwambia mgeni "hapana" usoni ni kazi aliyokuwa akimwachia Intha, maana yeye neno hilo halikumtoka kinywani. Akatabasamu. Akamkabidhi Rasmus ufunguo wa namba saba kwa mikono miwili.

"Polepole, tafadhali," alisema.

"Wewe ni malaika!" Rasmus akajibu.

Akawaletea na helmeti mbili. Wakazishika kidogo, wakacheka kwamba nywele zimelowa, wakaziweka juu ya meza na kuondoka. Lamduan alitoka hadi barabarani, akafungua kinywa awaite. Watu walikuwa wengi, wanatazama. Aliona haya kupiga kelele. Akakifunga.

Intha alirudi mapema, amepakwa chokaa nyeupe ya sikukuu mashavuni na watoto wa njiani. Kabla hajashuka, macho yake yalishapita kwenye safu ya pikipiki.

"Namba saba iko wapi?"

"Ipo... kwa Suwit. Anaiosha."

Hata Lamduan mwenyewe hakujua uongo ule wa kumsingizia Suwit, mwosha pikipiki wa jirani, ulitoka wapi. Alikuwa akimsitiri mama, akijisitiri yeye, akiisitiri siku yenyewe isiharibike. Intha aliitikia kwa kichwa bila kuuliza tena, kwa sababu Lamduan hakuwahi kumdanganya.

"Njoo uone."

Akalifungua furushi. Kombe, gamba kubwa la konokono wa baharini, lilikuwa jeupe, limekwaruzika kwa uzee, na ndani yake lina rangi ya waridi kama ulimi wa paka. Intha akachota maji kwenye jagi.

"Nyoosha mikono tujaribu."

"Kaka, mbele za watu!"

"Watu gani? Leo kila mtu anamwagia mtu maji. Sisi tuna kosa gani? Nyoosha."

Lamduan akaviunganisha viganja vyake kama anayesali. Maji yakateremka kwenye mdomo wa kombe, membamba, ya baridi, yakapita juu ya vidole vyake. Intha akaigiza sauti ya mzee mwenye mafua: "Nawaombea mpendane, mzae, mzeeke, na mama mkwe apunguze ukali..."

"Nakusikia!" mama alijibu kutoka ndani.

Wote watatu walicheka. Simu ya duka ikaita mezani. Mikono ya Lamduan ilikuwa imelowa, hivyo Intha akabonyeza kitufe cha spika.

"Halo? Duka? Huyu ni Rasmus, wa skuta namba saba. Breki hazishiki! Zinanuka moshi. Tuko juu mlimani, kwenye hekalu la huku juu. Na Signe ameungua mguu, ekzosi imemchoma vibaya."

Kicheko kikakatika. Intha hakumtazama Lamduan.

"Rasmus, nisikilize. Usiipande tena. Iache hapo ilipo. Mguu umwagieni maji safi ya bomba, msipake kitu chochote. Msisogee. Nakuja."

Akakata simu. Maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka mikononi mwa Lamduan.

"Kaka..."

"Ufunguo si kosa. Ufunguo ningekusamehe kabla hujamaliza kuomba."

"Nilimwonea haya mama. Na wale wageni..."

"Umenitazama machoni ukasema inaoshwa."

"Nilitaka siku isiharibike."

"Mama ulimwonea haya. Wageni uliwaonea haya. Mimi je, Lamduan? Mimi ndiye uliyeniona wa kudanganya?"

Mama Buakham alitokeza kichwa, akaona nyuso zao, akarudi ndani. Intha akalilaza kombe juu ya furushi lake, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Nikirudi tutaongea. Kama lipo la kuongea."

Pikipiki ikaunguruma, akazama katikati ya umati wa watu na maji. Lamduan akaandika: *Kaka, nisamehe. Nimekosa mimi, si mama.* Akautazama ujumbe huo ukienda. Haukujibiwa. Akaandika mwingine: *Sitakudanganya tena maisha yangu yote.* Nao haukujibiwa. Alifuta meza iliyokwisha kuwa kavu. Akazipanga helmeti mbili, akazipangua, akazipanga tena.

Simu yake ikaita.

"Nimewapata," alisema Intha. Sauti yake ilikuwa kavu, ya kazi. "Magari mekundu yote yamejaa. Kijana nimempatia nafasi ya kuning'inia nyuma kwenye ngazi. Binti hawezi kusimama, mguu umevimba malengelenge. Namshusha mimi hadi hospitali."

"Sawa, kaka. Ana helmeti?"

"Zao ziko wapi?"

Lamduan alizitazama hapo mezani mbele yake.

"Ziko hapa."

Nyuma ya simu kulikuwa na kengele za hekalu, na watoto wanapiga yowe la furaha.

"Nimemvalisha yangu," Intha akasema.

"Na wewe?"

"Barabara hii naijua hata nikifumba macho."

"Kaka. Kichwa hakina spea."

Hapo akamsikia akitoa pumzi puani, ule mcheko mdogo ambao hakuwa amekusudia kuutoa.

"Umejifunza lini kunifundisha? Nitashuka polepole. Ujumbe wako nimeuona."

"Umeuona?"

"Nimeuona. Nikifika."

Akakata. Lamduan akaketi. Akalifunga kombe kwenye kitambaa chake, akiwa na nguvu mpya mikononi. Alijua kwamba Intha akisema "nikifika" amekwisha samehe, imebaki kuja kulisema tu.

Hakufika.

Aliyesimulia ni Signe. Alisimulia hospitalini, ameketi kwenye benchi, mguu umefungwa bendeji, helmeti ya bluu imo mapajani mwake, ina ufa mrefu upande wa kulia.

"Alikuwa anaenda polepole sana," alisema. "Polepole kuliko baiskeli. Alinifunga huu mkanda, akauvuta mara mbili, akasema lile neno lake la kichwa. Kwenye kona ya chini kulikuwa na gari limeegeshwa, watu wanacheza, wana pipa la maji ya barafu. Mmoja akatumwagia ndoo nzima. Usoni kwake. Hakuwa na ubaya, alikuwa anacheka, alisema heri ya mwaka mpya. Intha hakuona tena. Tukaanguka kwenye ukingo wa zege."

"Alisema kitu?" Lamduan aliuliza.

"Aliniuliza kama niko mzima. Nikamwambia niko mzima. Akasema vizuri. Basi, hakusema tena."

Rasmus alikuwa amesimama ukutani. Alilia kwa sauti kama mtoto. "Ni kosa langu. Niambie ni kosa langu."

Lamduan alimtazama kijana yule mwenye mabega mekundu. Mdomo wake, kwa mazoea ya maisha yake yote, ukataka kutabasamu na kusema si kitu, mgeni, usijali. Safari hii haukuweza.

Walimlaza Intha kwenye ukumbi wa hekalu, uleule wenye uwanja wa nyuma ya duka. Shuka jeupe lilimfunika hadi kifuani, na mkono wake wa kulia ulinyooshwa nje, kiganja juu, juu ya bakuli la maua ya yasmini. Watu walipita mmoja mmoja kwa magoti, kila mtu akimimina maji yenye manukato kwenye kiganja hicho na kuomba msamaha kwa lolote alilomkosea. Kucha zake zilikuwa na grisi bado. Waliomwosha waliisugua, ikakataa kutoka.

Mama Buakham alipofika, alikiinamisha kikombe mapema mno, maji yakaisha kabla ya kuufikia mkono.

"Baba," alisema, "laiti ningesema neno moja. Ningewaambia hapana, neno moja tu." Wakamwinua.

Signe alipita akichechemea, akafanya kama alivyoona wengine wakifanya.

Kisha Lamduan akaja na furushi. Alipolifungua, minong'ono ikapita ukumbini. Shangazi Jampa akamshika kiwiko.

"Mwanangu, hilo ni la harusi. Msibani halitumiki."

"Najua, shangazi."

"Ni mkosi, mama. Wewe bado kijana. Utafunga njia yako."

"Njia ipi, shangazi?"

Shangazi alimtazama, kisha akaachia kiwiko, akafunika uso kwa kanga. Lamduan akapiga magoti. Maji yakateremka kwenye mdomo wa kombe, membamba, ya baridi, kama yale yaliyopita juu ya vidole vyake mwenyewe siku ile.

"Kaka, nilikwambia inaoshwa," alinong'ona. "Nisamehe."

Kiganja kilijaa, maji yakafurika pembeni, yakaanguka kwenye yasmini. Akasubiri, kama anayesubiri simu. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na mtawa akakohoa kidogo. Akainuka kuwapisha wengine.

Duka lilifunguliwa tena masika yalipoanza. Mama hakai mbele siku hizi. Namba saba ilishushwa mlimani, imefungwa breki mpya, na hakuna anayeikodi, kwa sababu Lamduan haitoi nje. Ile helmeti yenye ufa ameitundika pale ukutani, juu ya boksi la spea.

Juzi alikuja kijana mwingine, mgeni, miwani ya jua, kaptura mpya.

"Kwanza zunguka uwanja wa hekalu, nikuone," Lamduan akamwambia.

"Nini?"

"Zunguka. Usipojua, sikupi."

Alimwambia usoni, bila kutabasamu. Siku hizi anaweza. Yule kijana akacheka, akatikisa kichwa, akavuka barabara hadi duka la pili, wasikouliza kitu. Muda si muda akatoka na skuta nyekundu, miguu inaburuza chini, helmeti inaning'inia kwenye usukani.

Lamduan akakimbilia barabarani. Watu walikuwa wengi, wanatazama.

"Kichwa hakina spea!" alipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Wewe! Kichwa hakina spea!"

Kijana aligeuka. Akadhani anasalimiwa. Akampungia mkono, akapotelea kwenye kona.