Mvua ya Nyakahura

Mvua ya stendi ya Ngara haipigi hodi. Siku hiyo ya soko ilishuka ghafla, watu wakajazana na mizigo yao kwenye baraza la duka la vitenge, pale Consolatha alipoweka cherehani yake. Alivaa gauni la njano, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Mbele yake akasimama kijana mrefu, shati lake la kijani limechanika kwapani, maji yakimtiririka.

"Dada, nishonee hapa," akasema, mkono juu.

"Vua kwanza."

"Mbele ya umati huu? Nishonee likiwa mwilini."

"Nikikuchoma sindano?"

"Nitajua umenigusa."

Watu wakacheka. Consolatha akamwambia aache utani, lakini alishona polepole kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Kijana aliitwa Ndizeye, dereva wa lori, mzaliwa wa Mugoma, huko huko Ngara. Babu zake walitoka Burundi, wakalima hapo mpaka wakawa wenyeji. Mvua ilipokatika, yeye hakuondoka. Mimi simlaumu, maana Consolatha akicheka hata mteja mwenye haraka husahau basi lake.

Baada ya miezi minane wazee wa Ndizeye kutoka Mugoma walipangiwa siku ya kuja Rulenge kuposa, kwa Mzee Idefonsi, baba yake Consolatha. Siku hiyo Ndizeye alikwama Dar es Salaam na gari bovu. Mzee, mkulima wa kahawa mwenye maneno machache, akawapa siku nyingine moja tu.

"Jumamosi ijayo, saa nane mchana," alisema. "Asipofika tena, jina lake nisilisikie hapa kwangu."

Jumatatu Ndizeye akaondoka Dar na lori lake. Wiki hiyo anga lilikuwa na vituko vyake, na kila jioni alipiga simu kutoa taarifa.

"Nipo Morogoro, mama. Mvua inanyesha mpaka barabara siioni."

Jumanne: "Dodoma jua linachoma. Vumbi mpaka kwenye meno."

Jumatano: "Singida upepo na baridi. Nimejifunika kile kitenge ulichonipa."

"Utakichafua!"

"Nitakuoa kikiwa hivyo hivyo."

Alhamisi: "Nzega asubuhi mvua, mchana jua, sasa mvua tena. Nchi hii kubwa, mpenzi. Kila mahali wana hali yao ya hewa."

"Wewe njoo tu na hali yako nzuri."

Ijumaa mchana simu ikaita, sauti ikikatikakatika. "Nipo Biharamulo... mvua kubwa sana... maji yamepita juu ya barabara, magari yamesimama..." Ikakata. Consolatha alijaribu kupiga, hakumpata. Akampigia dada yake Felisita, aliyeolewa Bisibo, huko huko Biharamulo.

"Mvua gani?" Felisita akashangaa. "Hapa jua kali tangu asubuhi. Nimeanika mihogo uwanja mzima."

Consolatha akayarudia maneno hayo kwa sauti. Shangazi Ernesta, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, hakumsaidia. "Dereva akisema amekwama na mvua, muulize mvua hiyo inaitwa nani."

Hasira hasara, lakini nani huikumbuka akiwa nayo? Consolatha akaandika ujumbe: *Biharamulo hakuna mvua. Umenidanganya siku kama hii. Usije kesho.* Akautuma, kisha akalia mpaka macho yakavimba.

Jumamosi wazee wanne wa Mugoma waliingia kwa Mzee Idefonsi na kibuyu chao cha pombe ya ndizi ya kuposea, wamevaa makoti. Nje manyunyu yalianza. Saa nane kasoro dakika chache Felisita akaingia jikoni alimokuwa Consolatha, sketi imejaa tope hadi magotini.

"Consolatha, nisamehe!" akasema, hata salamu hajatoa. "Bisibo halikudondoka hata tone. Lakini Nyakahura, Biharamulo hiyo hiyo! Maji yalifunika barabara tangu jana, mpaka leo asubuhi. Nimemkuta Ndizeye amekunja suruali, anavusha kina mama mmoja mmoja. Mimi mwenyewe kanivusha, kisha maji yalipopungua akanipakia kwenye lori."

"Yuko wapi?"

"Njiani hapo nje. Nimemwambia aingie, amekataa. Anasema ulimwambia asije, amekuja kunileta mimi tu."

Consolatha alitoka mbio na gauni lake jipya la bluu, Shangazi Ernesta akipiga kelele nyuma yake. Ndizeye alisimama kando ya migomba, amelowa, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Sikukudanganya," akasema.

"Najua. Nimekukosea."

"Simu iliisha chaji nilipomaliza kusoma ujumbe wako. Nimeendesha na yale maneno njia nzima, Consolatha. Yameniuma."

"Nipige makofi basi."

"Nikupige kwa nini? Sema tu nifanye nini."

"Ingia ndani. Nakuomba."

Ndizeye akakunjua suruali yake. Kisha akatabasamu kwa uchovu, akamfuata.

 Ndani Ndizeye akawaamkia wazee wote, akakaa pembeni na tope lake. Mzee Idefonsi akamwita binti yake katikati ya sebule, kama inavyofanywa kwa binti anayeposwa.

"Unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu, baba. Na kabla hujagusa pombe yao, wote wasikie. Jana nilimwita huyu mwongo. Hakusema uongo. Amepita mvua za nchi nzima kuja hapa, na mimi nikamfungia mlango. Nashukuru amefika."

Shangazi Ernesta akainamisha kichwa. Mzee akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Consolatha akaiona.

"Baba, muda umepita," akasema kwa sauti ndogo.

"Nilimwona kupitia dirisha kabla ya saa nane," Mzee Idefonsi akajibu. "Amefika kwa wakati. Aliyechelewa ni wewe, na wewe nakusubiri tangu uzaliwe. Tupokee pombe yao?"

"Pokea, baba. Asante."

Mzee akanyoosha mkono, akapokea kibuyu. Mmoja wa wazee wa Mugoma akasimama, akasema, "Murakoze cane," yaani asante sana kwa Kirundi, akafuta macho na kuketi. Ndizeye naye alikuwa akifuta macho kwa mkono wenye tope, na Consolatha akacheka huku analia.