Klorini Haikuwa Kisimani

"Nijibu, Soipan. Ulitia dawa kwenye maji ya mtoto au hukutia?"

Dinah alikuwa ameuliza mara tatu. Binti yake alisimama mlangoni mwa jikoni, begi la shule bado mgongoni. Leshan, kitinda mimba wa miaka minne, alilala mapajani mwa mama yake, macho yameingia ndani. Alikuwa akiharisha tangu jana. Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge vya zinki na pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji, kisha akauliza kama maji ya kunywa hutiwa dawa. Dinah alijibu bila wasiwasi kwamba binti yake hutia klorini kila jioni. Aliporudi nyumbani akakuta chupa ya dawa imejaa, kama alivyoinunua wiki mbili zilizopita.

"Sikutia, Yeyo," Soipan akamwambia mama yake. "Lakini haikuwa uvivu. Nilifikiria."

Alieleza huku akikwamakwama. Darasani walikuwa wamesoma jedwali la elementi. Florini na klorini ziko safu moja, familia moja, na tabia zao hufanana. Maji ya kisima cha mtaa wao yana floraidi. Ndiyo maana watoto wengi wana meno ya hudhurungi. Tena nyumbani alikuwa amefundishwa kwamba mtu akikosekana, wa ukoo wake husimama mahali pake. Baba yake aliposhindwa kutoka Mashuuru kuja kwenye mahari ya shangazi, si mzee wa ukoo wao ndiye aliyeketi badala yake? Basi kama florini tayari imo majini, klorini ni ya nini?

"Hiyo kemia yako siijui," Dinah alisema. "Lakini mtoto ni mgonjwa, kwa hivyo kuna mahali imepinda. Twende kwa mwalimu wako." Akambeba Leshan begani.

Mwalimu Apondi aliishi ploti ya pili. Walimkuta akianua nguo. Alisikiliza bila kucheka.

"Kama ni familia moja, mbona moja inaua viini na nyingine haiui?" Soipan aliuliza, karibu kulia. "Ama kitabu kinadanganya?"

"Hakidanganyi. Umekisoma nusu. Florini ikiwa peke yake ni kali kuliko hata klorini, ingekuchoma. Lakini ile ya kisimani iliungana na vitu vingine kwenye mawe zamani, ikawa floraidi, ikatulia. Haina ugomvi na viini. Klorini ya dawa bado haijatulia. Wewe na Leshan ni damu moja, sivyo? Nikikupa wewe dawa, yeye atapona?"

Soipan akatikisa kichwa.

Sasa Dinah ndiye aliyechanganyikiwa. Maji ya chai huwa anayachemsha sana, alisema, ili hiyo floraidi ife.

"Haifi, mama. Si kiumbe. Maji yanaenda na mvuke, yenyewe inabaki kwenye sufuria."

Dinah alimtazama Leshan, ambaye meno yake ya ukubwani yalikuwa bado yanajengeka ndani ya ufizi.

Mwalimu alimgeukia Soipan. "Kufikiria si kosa. Kosa ni kuacha dawa bila kuuliza mtu, kisha ukanyamaza mtoto alipoanza kuugua. Wazo jipya huletwa darasani likajaribiwe. Halijaribiwi kwenye tumbo la ndugu yako."

Nyumbani Dinah hakukaa chini. "Maji ya kisima ni ya kufua kuanzia leo. Ya kunywa ni ya mvua, ya kwenye tangi, na dawa itatiwa nikiona."

Soipan alimwaga mtungi wote kwenye shina la mti nje ya lango, akausugua, akajaza maji ya tangi. Alisoma maandishi ya chupa kwa sauti, akapima dawa kwa kifuniko, akakoroga. Mama yake akaangalia saa. Nusu saa ilipotimia, Soipan alichanganya chumvi ya zahanati, akamwinua Leshan na kumshikia kikombe hadi kikaisha.