Penseli ya Doeke

Wietske, rafiki yangu wa Tilburg, si mtu wa kuzua. Programu yake ya kukagua hesabu za tafiti ilinasa kosa kwenye makala iliyompa jina marehemu mwalimu wake, Doeke: 0.04 ilipaswa kuwa 0.06, yaani juu ya 0.05, kikomo ambacho matokeo yakikivuka huhesabiwa kuwa huenda ni bahati tu, na kwa hiyo ugunduzi wote ulikuwa si kitu.

"Hata marehemu humwachi, we Wietske?" Joris, mwenzake ofisini, alimtania.

"Huenda ni kosa la chapa. Ngoja nikaangalie jarida lenyewe."

Ghala la majarida liko chini ya ardhi, na kila safu ya rafu ina taa inayowaka mtu akisogea tu. Wietske aliisoma ile 0.04, akaduwaa, taa ikazimika. Gizani, penseli ikakwaruza karatasi. Aliposhtuka, taa ikawaka: ile nne imekatwa, na juu yake imeandikwa sita, kwa mwandiko wa Doeke.

Kwenye safu ya pili, ambako taa haikuwaka, penseli iliendelea kukwaruza.