Likizo ya Corliss

Jumatano, saa moja asubuhi. Chumba cha tanuri la kupashia shule joto, chini ya ukumbi wa mazoezi.

Watu watatu, mlango umefungwa. Juu yao watoto wa darasa la nne wanaruka kamba, na vumbi linadondokea kwenye kahawa.

"Dili ni hili," alisema Lamont Pruitt. Mkuu wa shule, mwanzilishi wake, jambazi wa kuvaa tai. "Jimbo limeshatuma mkwanja wa paa. Dola laki nne. Kesho mkaguzi wa hesabu anamaliza kazi. Ijumaa mchana tunamlipa fundi wa paa."

Fundi mwenyewe, shemeji yake Verl Hodge, alitabasamu. Maishani mwake hakuwahi kupanda paa ila kwenda kuiba.

"Jumatatu tuko mbali. Wote watatu. Nimeeleweka?"

"Na huyo mama mkaguzi, shem?"

"Anatafuta mikono. Sheria inataka kila malipo yapite mikono miwili. Mmoja aandike, mwingine aidhinishe. Sisi kwenye karatasi tuna miwili."

Kwenye karatasi tu. Benki ilitoa vifaa viwili vidogo vya namba za siri, kimoja cha mhasibu, kimoja cha mkuu. Vyote vilikaa kwenye pochi ya Corliss Tate, mhasibu. Yeye aliandika, yeye akaidhinisha. Shule ya mkataba ndivyo ilivyo: fedha za serikali, waendeshaji watu binafsi. Hapa Detroit zipo zinazoendeshwa vizuri. Hii, fisi alikabidhiwa bucha.

"Dada, uko kimya," Lamont alisema.

"Nasikiliza."

Alikuwa na furaha, kusema kweli. Si kwa sababu ya mkwanja. Mama yake alishazikwa, simu yake ililia kwa ajili ya matangazo tu, na watu waliomwita dada duniani walikuwa hawa wawili. Kila Ijumaa Lamont alimletea mkate wa soseji wenye vitunguu na pilipili, wakala pamoja mezani pake. Kuna watu wameiba kwa njaa. Corliss aliiba kwa ajili ya hicho chakula cha mchana.

Alhamisi, saa nne asubuhi. Ofisi ya fedha.

Halina Ostrowski, mkaguzi, alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Alishapitia vibali vya walimu, mikataba, malipo. Kila kitu safi. Alikuwa anafunga mkoba. Lamont, mlangoni, alishaanza kupumua.

"La mwisho," Halina alisema. "Ukienda likizo, nani anakaa hapa?"

"Siendi likizo," Corliss alijibu.

"Ukiumwa?"

"Siumwi."

"Tangu lini?"

"Tangu niajiriwe. Miaka tisa."

Halina akaweka mkoba chini.

"Mama, kanuni za shule yenu zinasema mshika fedha apumzike wiki nzima kila mwaka, na mwenzake akae kwenye kiti chake. Wiki nzima."

Corliss alimtazama Lamont. Lamont alitazama dari. Kanuni zile alizinakili kutoka shule nyingine, akabadilisha jina, hakusoma. Ndiyo maana hakujua kitu ambacho kila mkaguzi anakijua: mwizi wa hesabu hapumziki, maana siku akipumzika mtu mwingine atafungua barua zake.

"Basi aanze kesho," Halina alisema. "Nitarudi kuona meza inavyokwenda bila yeye."

Alhamisi, saa tisa alasiri. Chumba cha tanuri.

"Lete vifaa," Lamont alisema.

Corliss aliikumbatia pochi. "Tuahirishe."

"Mkwanja hauahirishwi."

"Nikiwapa, hamtanihitaji tena."

Verl alicheka. "Msikie! Dada anatuogopa. Miaka yote hii kumbe tunakula na mgeni."

Lamont hakucheka. Aliinama, akamshika bega. "Corliss. Mimi ni nani kwako?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alifungua pochi, akampa vyote viwili.

"Saa kumi kesho nakupigia. Kaa tayari."

Ijumaa. Nyumbani.

Aliosha vikombe vilivyokuwa safi. Hakuwahi kuiona sebule yake mchana wa siku ya kazi. Jua lilifika hadi kwenye zulia, naye hakuwa anajua kwamba linafikaga.

Saa kumi. Simu kimya.

Saa kumi na nusu. Alipiga mwenyewe. Lamont hapatikani. Verl hapatikani.

Ametoswa. Iliuma, tena iliuma kifuani hasa, kabla hata hajawaza jela. Mjanja angekimbilia kituo cha mabasi. Corliss alivaa koti akaenda kazini. Angekwenda wapi kwingine?

Halina alikuwa kwenye kiti chake. Njagu wawili wenye sare za polisi walisimama kando ya kabati.

"Malipo ya paa yametoka kwa mtandao, saa nane," Halina alisema. "Kwa jina lako."

"Nilikuwa nyumbani."

"Idhini pia imetoka. Bwana Pruitt yuko mkutanoni, ng'ambo ya daraja, Kanada. Ameacha ujumbe kwamba vifaa vyote viwili huwa unatembea navyo wewe. Nimeuliza ofisi nzima. Wote wanasema ni kweli."

"Ilikuwa kweli. Mpaka jana."

"Basi nisaidie." Sauti ya Halina ilishuka. "Leo mchana, kuna mtu amekuona nyumbani? Jirani? Mgeni? Umeongea na mtu yeyote kwenye simu?"

Corliss alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, maana alitaka sana mtu huyo awepo.

"Hakuna," alisema.

Halina alivua miwani. "Mtu mmoja tu, mama."

"Hakuna."

Ijumaa, saa moja usiku. Kituo cha polisi.

Afande alimsogezea simu. "Ndugu, rafiki, wakili. Yeyote."

Ilikuwepo namba moja tu aliyoijua kwa kichwa. Akaibonyeza. Iliita sana, kisha ikapokelewa na mashine ya ujumbe.

"Ofisi ya fedha, Corliss anaongea. Sipo mezani kwa sasa, ila siendi mbali. Acha ujumbe."

Alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha mkono wa simu taratibu.

"Vipi, hawapo?" afande aliuliza.

"Mwenyewe hayupo," Corliss alisema. "Yuko likizo."