WALISEMA MIMBA IMEMKATAA MUME WANGU

Nilimkuta mume wangu jikoni anakusanya visu... vyote! Mpaka kile kidogo cha kumenyea vitunguu.

Nikarudi nyuma taratibu, mimba miezi saba, nikajibanza nyuma ya mlango.

Akapiga simu.

"Mama, njoo sasa hivi tumchukue. Asijue mapema, atakimbia. Namwogopea mtoto..."

Jamani! Wanichukue wanipeleke wapi?

Nikatoka peku. Ngazi za ghorofa nne, nikakatiza Kariakoo nzima nalia, hadi Mchikichini kwa shosti wangu Nice, anauza viatu vya mitumba.

"Nice, Bushiri anataka kuniua!"

Nice akacheka!

"Sitara bwana! Mimba imemkataa mumeo tu. Mimi mimba yangu sikutaka hata kusikia kikohozi cha mume wangu. Ukijifungua itaisha."

Ndivyo wote walivyoniambia. Wiki tatu silali, chakula hakipiti, naogopa hata kivuli changu... jibu ni hilo hilo.

Kugeuka, nikamwona Bushiri, kumbe kanifuata. Na Bi Badria, mama mkwe wangu!

Bi Badria akaitazama miguu yangu. Akavua kandambili zake, akanivalisha.

"Shikamoo mama... msinichukulie mwanangu!"

"Marahaba. Visu nimemwambia mimi avifiche. Unajua kwa nini, mwanangu?"

Wapendwa, hapa niwe mkweli. Kuna kitu sijawaambia.

Jana yake Bushiri alinikuta nimekaa sakafuni, kisu mkononi, namwambia mtoto tumboni, "Twende zetu wote wawili, tukapumzike."

Sikuwa namwogopa Bushiri. Nilikuwa najiogopa mwenyewe!

Bi Badria akanikumbatia.

"Mimba ya huyu Bushiri nami walisema imemkataa mume. Nikanyamaza. Siku moja pale kivuko cha Magogoni, abiria walinidaka kanga, mguu mmoja ushatoka nje ya pantoni, nijirushe baharini. Hata yeye hajui."

Bushiri akaangua kilio pale pale katikati ya viatu.

Tukaenda kliniki wote watatu. Nesi hakucheka. Alisema ni ugonjwa na unatibika, ila mtoto hakui vizuri, na mama asiyekula wala kulala hawezi kumlisha aliye tumboni.

Nikaanza matibabu. Leo mwanangu ana miezi mitano. Alizaliwa mdogo, lakini ananyonya balaa! Wiki iliyopita Bushiri alivirudisha visu jikoni, akaniwekea vitunguu nikate.

Dada mwenye mimba, ukiogopa, sema kliniki, usione aibu.

Na wewe shosti, mjamzito akikwambia anaogopa, usicheke. Muulize anaogopa nini. Mimi jibu nilikuwa nalo wiki tatu nzima.