Kaburi Lililofagiwa

Kaburi lile halikuwa na jani hata moja, na hilo peke yake lingetosha kumstua mwenye akili zake. Makaburi yote ya jirani yalikuwa yamefunikwa na majani mekundu na ya kahawia, yamelowa na kushikamana na mawe, maana Bruxelles mwezi huo mvua haikatiki. Lakini lile moja la pembeni, karibu na ukuta, lisilo na jina wala msalaba, lilikuwa safi kama uwanja wa mama anayengoja wageni. Kahambu aliliona akajiuliza moyoni, nani huyu anafagia mahali pasipotembelewa na mtu? Kisha akalisahau swali lake, na kosa likaanzia hapo.

Alikuwa ametumwa na mzee Guido wa mtaa wa Ganshoren, mgane ambaye Kahambu aliajiriwa kumtunza, na ambaye mwaka ule miguu ilikuwa imemkatalia. Mzee huyo ujana wake aliumalizia Kivu. Kila Toussaint, sikukuu ile ambayo Wabelgiji huwapelekea marehemu wao maua, alizoea kwenda kumchagulia mkewe Marleen mwenyewe, kwa ubishi wa mtu anayenunua ng'ombe. Safari hii alimpa Kahambu maelekezo mpaka akachoka. Krisantemu ziwe nyeupe, si za njano. Ziwe na vitumba vingi ambavyo havijafunguka, kwa kuwa zilizokwisha kuchanua huungua kwa baridi. Na kando yake kiwepo kichaka cha bruyère, kile cha maua madogo ya zambarau kinachostahimili hata barafu.

Langoni wauzaji walikuwa wamepanga vyungu mpaka barabarani. Kahambu alichagua taratibu, akabonyeza vitumba, akanusa ile harufu chungu, na kila chungu alichokiinua kilimkumbusha kwamba watu wote pale walikuwa na mahali pa kukipeleka. Yeye hakuwa napo. Vita vilipoingia kwao Butembo, mama yake, Masika, alikimbilia porini pamoja na majirani, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari. Zaire ilikuwa imekwisha kubadili jina ikawa Congo, wakubwa wamepokezana viti, na Masika haonekani. Kwao wazee hukataza kabisa kumlilia mtu ambaye maiti yake haijaonekana. Husema utamzika mzima. Kahambu alilijua katazo hilo tangu utotoni. Lakini uchungu hauna adabu, jamani. Akanunua na chungu cha krisantemu cha ziada.

Marleen alipata maua yake. Kile cha ziada Kahambu alikibeba mpaka kwenye kaburi safi lisilo na wenyewe, akapiga magoti kwenye kokoto, akalia kilio alichokuwa amekiweka mwaka mzima.

"Mama Masika," alisema, "sijue fasi walikuzika. Bon, hii itakuwa kaburi yako. Na kama uko nasikia baridi, kuya kwangu, uone mutoto."

Hapakuwa na upepo. Hata hivyo vile vitumba vilitikisika, kimoja baada ya kingine, kama vinavyoguswa na kidole. Kahambu alifuta machozi akaenda zake kupanda tramu, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Walikaa mtaa wa Forest, ghorofa ya juu. Mume wake, Onésime, alikuwa kiwandani zamu ya jioni, kwa hiyo jua likizama Kahambu hubaki na binti yao Jémima, mtoto wa juzi tu, ndiyo kwanza anaunga maneno. Giza la siku ile lilipoanza kushuka alisikia mtu akifagia koridoni. Shwa. Shwa. Akadhani ni jirani. Kesho yake tena, na kesho kutwa, na mlangoni pakawa pananuka udongo mbichi na krisantemu. Alipochungulia hakuona mtu, ila sakafu ilikuwa imetakata.

Tuseme ukweli, hakuogopa. Alifurahi, maskini. Mama yake alikuwa mtu wa ufagio, asubuhi uwanjani, jioni uwanjani, na kabla ya kuingia ndani aliugonga kizingitini, to, to, kukung'uta vumbi, ndipo awaite watoto. Kahambu akawa anatega sikio asikie kugonga huko. Hakukusikia. Huyu alifagia tu, akanyamaza, akafagia tena.

Kisha Jémima akaanza kubakiza mkate wake juu ya kiti, akisema ni wa koko, yaani bibi. Alielekea mlangoni akinyoosha mkono na kusema "kom, kom", na Kahambu akaganda, kwa sababu hilo ni neno la Kiflamandi ambalo mzee Guido humwitia paka wake. Nyumbani kwao hakuna aliyelisema. Masika naye hakuwahi kuisikia lugha hiyo maishani mwake. Kahambu alimweleza mumewe, naye akamwambia asali na aache mawazo.

Jioni moja alikuwa jikoni anakoroga uji, akausikia ufagio, lakini safari hii haukuwa koridoni, ulikuwa humo humo ndani, nyuma ya mgongo wake, ukiburuzika polepole juu ya zulia, na alipotaka kugeuka shingo ikakataa, na harufu ya udongo ikamjaa mdomoni kana kwamba amelishwa, na akamsikia mtoto wake akicheka kile kicheko cha mtu anayenong'onezwa, kisha kitasa kikazunguka na mlango ukafunguka, na miguu ilipomrudia akakimbia, akamkuta Jémima yuko kwenye ngazi tayari, amevaa koti lake na vifungo vyote vimefungwa, kazi ambayo mtoto yule haiwezi, mkono mmoja ameuinua kama anaongozwa na mtu mzima, na mkono huo ulikuwa baridi kama jiwe.

Alimuuliza anakwenda wapi.

"Kwa koko," mtoto alisema. "Nyumba yake iko na mulango ya jiwe."

Ghorofa ya chini alikaa Mwanakombo, mwanamke wa Tanga, Mwislamu, anayejulikana kwa ubani wake na kwa kutopenda porojo. Kahambu alishuka na mtoto mgongoni akamwambia yote, la maua na la kaburi.

"Maiti hafagii, dada yangu," Mwanakombo alisema. "Hilo ni jini. Limekaa pale kwenye kaburi lisilo na wenyewe, likingoja wa kuliita. Wewe ulimwita nani?"

"Masika. Jina ya mama."

Mwanakombo akainamisha kichwa. Alieleza kwamba yeye anaweza kusoma Yasini na kufukiza ubani mpaka dari iwe nyeusi, lakini jini lililokaribishwa kwa jina hutolewa na mdomo ule ule uliolikaribisha, kwa jina lile lile. Jina jingine halitalisikia. Na likija kesho likakuta bado halijafukuzwa, litaondoka na mtoto, maana mtoto ndiye liliyealikwa kumwona.

"Na kama mama iko muzima?" Kahambu alinong'ona.

"Uliiona maiti yake?"

"Hapana."

Mwanakombo alilitazama jibu hilo pande zote asipate pa kulishika.

"Basi Mungu akusitiri," alisema mwishowe. "Lakini mtoto ndiye huyu hapa."

Usiku kucha Kahambu hakufumba macho. Alimwomba Mungu ampe jina jingine, hata la mwizi, hata la mchawi, na Mungu akamwachia lile lile. Kesho yake mchana ukaenda mbio.

Jioni Mwanakombo alipanda na chetezo, akakaa kwenye kona akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Ubani ulitanda. Na kutoka chini kabisa, kwenye lango la jengo, ufagio ukaanza, shwa, shwa, ukapanda ngazi moja moja bila haraka, ukapita milango ya watu wengine ambao hakuna hata mmoja aliyetoka kuuliza, ukaja mpaka mlangoni, ukapita chini ya mlango kama maji, na Jémima mapajani mwa mama yake akaanza kujinyonganyonga na kulia "kom, kom", mkono wake ukainuka wenyewe na kunyooka kuelekea pasipo na mtu, ukavutwa, na Kahambu akamvuta kwa upande wake, na mtoto akapiga ukelele, na Kahambu akajua kwamba yule mwingine ana nguvu kumshinda na wala hajaanza kuzitumia. Mwanakombo alimtazama tu. Hakuwa na la kumsaidia.

"Masika," Kahambu alisema, kisha akalirudia jina. "Masika, mi sikujue. Wewe hapana mama yangu. Rudia ku kaburi yako."

Ufagio ulikoma. Harufu ya udongo ikakatika mara moja, na mkono wa Jémima ukaanguka mapajani, ukawa wa moto, mkono wa mtoto. Mwanakombo alimshukuru Mungu, akachukua chetezo chake akashuka kwenda kusali. Kahambu alibaki sakafuni akimbusu mtoto utosini, akicheka na kulia pamoja.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Rigobert, kaka yake, anapiga kutoka Butembo, dukani kwa mtu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama tulimupata," alisema. "Alikuwa kambini Uganda, muzima kabisa. Tulikuwa hapa nangojea zamu ya simu, alikuwa anataka kukusemesha ye mwenyewe. Alors sasa hivi tu amesimama, anasema, 'Kahambu ananifukuza.' Akaanguka. Kahambu, mama amekufa."

Rigobert aliendelea kuita mpaka laini ikakatika. Kahambu alikuwa ameuacha mkono wa simu ukining'inia.

Nje giza lilikuwa limekamilika. Kwenye ngazi mtu akaanza kufagia, lakini si kama yule. Huyu alichoka, alipumzika kila baada ya ngazi chache, kama mtu aliyetoka mbali sana kwa miguu. Hapakunuka krisantemu. Palinuka moshi wa kuni na sabuni ya mawese. Jémima, ambaye siku zote alikimbilia mlangoni, safari hii alirudi nyuma akashika sketi ya mama yake.

Ufagio ukafika, ukasimama. Kisha kizingitini, to, to.

"Maman," mtoto alinong'ona, "ule ni nani?"

Kahambu alimjua. Alifungua mdomo amwambie mwanawe, na hakuwa na maneno mengine mdomoni isipokuwa yale aliyokwisha kumfukuzia.